Tathmini Isigeuzwe Tawi la Adhabu

Mwanafunzi anapokutwa na msokoto wa bangi mfukoni, au anapoingia darasani ananuka pombe, shule inapaswa kujibu maswali mawili yasiyofanana. Swali la kwanza ni la nidhamu: amefanya nini, na kanuni za shule zinasemaje juu ya kitendo hicho? Swali la pili ni la afya: anatumia kiasi gani, tangu lini, anatafuta nini humo, na anahitaji msaada wa namna gani? Shule nyingi za umma huyajibu yote mawili kwa mkupuo, katika chumba kimoja, mbele ya mtu yuleyule, na majibu huandikwa kwenye faili moja. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, hata pale ambapo kila aliyemo chumbani ana nia njema.

Chukua utaratibu unaotumika katika wilaya nyingi za shule nchini Marekani. Kosa la kwanza la kutumia dawa za kulevya ni kusimamishwa masomo kwa siku 10, tuseme. Mzazi akikubali mtoto afanyiwe tathmini na mshauri wa masuala ya uraibu, siku hizo hupunguzwa hadi 5 au 3. Ukiulinganisha na ule wa kumfukuza mtoto moja kwa moja, utaratibu huu ni hatua kubwa mbele, na waliouanzisha wanastahili sifa. Lakini tuangalie unamfundisha nini mwanafunzi. Anajua karatasi ya mshauri itarudi kwa mwalimu wa nidhamu. Akisema anavuta kila siku kabla ya kuja shule, anahofia adhabu itarefushwa au mzazi ataambiwa mengine yasiyojulikana bado. Akisema "ilikuwa mara ya kwanza, nilipewa na rafiki", anarudi darasani Jumatatu. Hata mtoto mkweli atashawishika kutoa jibu la pili. Mshauri ataandika "hatari ndogo", shule itashusha pumzi, na yule aliyehitaji msaada kuliko wenzake atakuwa amepita katikati ya mfumo wa msaada bila kuonekana.

Hoja ya makala hii ni kwamba nidhamu na tathmini ziende sambamba lakini zisikutane kwenye karatasi. Nidhamu ishughulikie kitendo kilichothibitika, kwa adhabu inayojulikana mapema na isiyobadilika kwa kile mtoto atakachomwambia mshauri. Tathmini ishughulikie hali ya mtoto, na majibu yake yabaki kwa mshauri. Kanuni hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji shule kukubali kutojua baadhi ya mambo, na hilo kwa taasisi ya umma ni gumu kuliko kutafuta fedha.

Kabla ya yote hayo kuna saa ya kwanza, ambayo ni ya usalama tu. Mwanafunzi anayeyumba, anayeongea maneno yasiyoeleweka au anayesinzia asichukuliwe moja kwa moja kuwa amelewa. Sukari kushuka kwa mwenye kisukari, kipigo cha kichwani na kifafa kilichokwisha dakika chache zilizopita huleta dalili zinazofanana na ulevi. Anayepumua taratibu mno, mboni za macho zikiwa zimebana kama ncha ya sindano, midomo ikigeuka rangi, huenda amezidisha dawa za jamii ya afyuni. Hapo inaitwa gari la wagonjwa mara moja, na kama shule ina naloksoni, dawa ya dharura inayozuia nguvu ya afyuni, ndio wakati wa kuitumia. Kosa baya kuliko yote ni kumlaza aliyekunywa pombe kwenye chumba cha wagonjwa "alale iishe" na kufunga mlango. Kiwango cha pombe katika damu huendelea kupanda kwa muda baada ya funda la mwisho, na kwa mtoto pombe inaweza kushusha sukari hadi akapoteza fahamu. Alazwe ubavu, mtu mzima akae naye, pumzi zihesabiwe kila baada ya dakika chache. Kumrudisha nyumbani peke yake, kwa miguu au kwa basi, ni kutupa dhamana ambayo shule ilipewa na mzazi asubuhi ile.

Hali ikitulia ndipo ushahidi unashughulikiwa. Upekuzi ufanywe na watu wazima wawili, mmoja wao wa jinsia ya mwanafunzi. Aombwe atoe vitu mwenyewe mifukoni na kwenye begi. Kilichopatikana kiwekwe kwenye bahasha, iandikwe saa, mahali na kiasi, wote wasaini, kisha ifungwe. Asiwepo mwalimu wa kuonja wala wa kukichoma kitu hicho ili "kuthibitisha". Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1985, katika kesi ya New Jersey dhidi ya T.L.O., kwamba shule ya umma inaweza kumpekua mwanafunzi ikiwa ina sababu ya msingi ya kumshuku, na kwamba upekuzi usizidi kile kinachotafutwa. Mwaka 2009, katika kesi iliyohusu shule ya Safford huko Arizona, mahakama hiyohiyo ilisema kumvua nguo msichana wa miaka 13 kwa kumshuku kuwa na vidonge vya ibuprofen kulikiuka katiba. Mipaka hiyo ina busara hata mahali ambapo hukumu hizo hazina nguvu ya kisheria: ukubwa wa upekuzi ulingane na ukubwa wa hatari.

Hapo ndipo shule nyingi hukimbilia kipimo cha mkojo. Kina mvuto wake, kwa kuwa kinatoa jibu ndani ya dakika 5 na jibu lenyewe linaonekana kama la kisayansi. Katika vifaa vingi vya haraka mstari ukikosekana ndiyo dalili kwamba dawa ipo, na mstari hafifu huhesabiwa kuwa dawa haipo; mwalimu asiyefunzwa husoma kinyume. Lakini hata kikisomwa sawasawa, kipimo hiki hujibu swali jembamba sana. Hakisemi mtoto anatumia mara ngapi, wala kama alikuwa amelewa saa ile, wala kama ana uraibu.

Muda ambao kila dawa huonekana kwenye mkojo unatofautiana kiasi cha kupotosha maamuzi. Aliyevuta bangi mara moja anaweza kuonekana kwa siku chache tu, ila aliyekuwa akivuta kila siku anaweza kuendelea kuonekana kwa mwezi mzima au zaidi tangu aache, kwa sababu mabaki ya bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Pombe yenyewe hutoweka ndani ya saa chache. Kwa hiyo anayejitahidi, aliyeacha wiki tatu zilizopita, anakutwa na hatia, na aliyekunywa pombe kali jana usiku anaonekana msafi kufikia saa sita mchana. Gundi na petroli za kunusa hazimo kabisa kwenye vipimo vya kawaida. Bangi bandia za viwandani hazionekani kwenye kipande cha kipimo kinachotafuta bangi ya kawaida. Kipande cha afyuni kimetengenezwa kutafuta mofini. Tramadoli na fentanili, dawa za maumivu za jamii hiyohiyo, hukipita bila kuguswa. Wanafunzi hulijua hili haraka kuliko walimu. Shule inayopima bangi peke yake inaweza kuwa inawasukuma wanafunzi kwenye vitu vya hatari zaidi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Efavirenz, dawa inayotumika kutibu VVU, imeripotiwa kufanya baadhi ya vipimo vya haraka vionyeshe bangi. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, imeripotiwa kufanya baadhi ya vipimo vionyeshe afyuni. Hata dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinaweza kuchanganya kipande kinachotafuta amfetamini, dawa za kusisimua mwili. Fikiria mtoto anayeitwa ofisini, anaambiwa mkojo wake una bangi, na njia pekee ya kujitetea ni kutaja mbele ya mwalimu wa nidhamu ugonjwa ambao familia yake imeulinda kwa miaka mingi. Atanyamaza, na adhabu itamshukia. Ndiyo maana kipimo cha haraka hakipaswi kamwe kuwa msingi wa adhabu peke yake. Jibu lolote linaloonyesha dawa lipelekwe maabara kwa uchunguzi wa uthibitisho, ule unaotenganisha kemikali moja moja na kuipima uzito wake, na mazungumzo kuhusu dawa anazotumia mtoto yafanywe na mhudumu wa afya, asiyewajibika kwa ofisi ya nidhamu.

Hesabu nayo inasaidia kutuliza imani kupita kiasi. Tuseme shule ina wanafunzi 1,000 na imeamua kuwapima wote bila kumshuku yeyote. Tuseme 40 kati yao wametumia dawa siku za karibuni, kipimo kinawakamata 90 katika kila 100 ya waliotumia, na kinawaacha huru ipasavyo 95 katika kila 100 ya wasiotumia. Waliotumia watakaokamatwa ni 36. Wasiotumia ni 960, na asilimia 5 yao ni 48. Shule itakuwa na majibu 84 mkononi, na zaidi ya nusu ya hayo ni ya watoto ambao hawakutumia chochote. Kipimo si kibovu. Kimepelekwa mahali ambapo wanaotumia ni wachache, na uchache huo ndio unaozalisha makosa. Kipimo hichohicho kikitumika kwa mtu ambaye tayari kuna sababu nzito ya kumshuku, jibu lake lina uzito tofauti kabisa.

Upimaji wa kushtukiza umeshachunguzwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuruhusu kwa wanamichezo wa shule mwaka 1995 (kesi ya Vernonia), kisha mwaka 2002, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikauruhusu kwa washiriki wote wa mashindano na vikundi vya nje ya darasa (kesi ya Earls). Mwaka 2010 ilichapishwa tathmini kubwa iliyogharimiwa na serikali ya nchi hiyo katika shule za sekondari 36. Katika shule zilizokuwa na upimaji, asilimia 16 ya wanafunzi waliohusika walisema wametumia dawa zinazopimwa ndani ya siku 30 zilizopita. Katika shule zisizokuwa nao, asilimia 22. Tofauti hiyo ipo na isidharauliwe. Lakini nia ya kutumia siku za usoni ilikuwa karibu sawa pande zote mbili, na wanafunzi ambao hawakuwa kwenye kundi la kupimwa hawakubadilika. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kimekuwa kikipinga shule kupima wanafunzi bila kuwashuku. Naungana nacho kwa sababu moja ya kiutendaji: wanaopimwa ni wale waliojiunga na timu na kwaya, na anayeogopa kupimwa ana njia rahisi ya kukwepa, nayo ni kuacha timu. Tunakuwa tumemwondoa mtoto aliye hatarini kutoka kwenye saa mbili za jioni ambazo alikuwa chini ya uangalizi wa mtu mzima anayemheshimu.

Kinachofanya kazi ya kubaini hali ya mtoto ni maswali, yakiulizwa na mtu sahihi katika mazingira sahihi. Kuna dodoso fupi liitwalo CRAFFT, lililotengenezwa kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hadi 21. Kwanza kijana huulizwa kama katika miezi 12 iliyopita ametumia pombe, bangi au kitu kingine cha kulewesha. Kisha yanafuata maswali sita: umewahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa, au wewe mwenyewe ukaliendesha umelewa? Unatumia ili utulie, ujione bora au uendane na wenzako? Unatumia ukiwa peke yako? Unasahau mambo uliyofanya ukiwa umelewa? Ndugu au marafiki wamekuambia upunguze? Umewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo? Majibu ya "ndiyo" yakifika mawili au zaidi, kijana apelekwe kwenye tathmini kamili. Chombo kingine, S2BI, huuliza tu mara ngapi kwa mwaka uliopita: sijatumia kabisa, mara moja au mbili, kila mwezi, au kila wiki na zaidi. Anayejibu kila mwezi huenda tayari ana tatizo la matumizi. Anayejibu kila wiki yuko kwenye hatari ya tatizo zito. Maswali haya huchukua dakika chache tu.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua kila kitu. Mshauri aanze kwa kusema, kabla ya swali la kwanza, nini kitabaki kati yao na nini hakitabaki. Mzazi asiwepo chumbani kwa sehemu hii, ingawa amejulishwa na anajua inafanyika. Kijana ajaze mwenyewe, kwa karatasi au kompyuta, kwa kuwa wengi huona afadhali kuandika kuliko kusema. Asiulizwe siku ileile aliyokamatwa: bado ana hofu, pengine bado kemikali imo mwilini, na mawazo yake yote yako kwenye adhabu. Siku mbili hadi tano baadaye inatosha. Kuchelewa kwa wiki tatu ni kubaya vilevile, maana kila mtu atakuwa ameshasema "yameisha" na familia imeamua kufunika kombe mwanaharamu apite.

Dodoso si utambuzi wa ugonjwa. Linachuja tu. Tathmini kamili ni kazi ya mtaalamu na huchukua saa moja au zaidi, wakati mwingine vikao viwili. Humo mtaalamu anatafuta alianza lini na kwa nini, anatumia na nani, usingizi wake ukoje, kama ana huzuni ya muda mrefu au mawazo ya kujiua, kama kuna mtu anayemdhulumu, kama dawa yenyewe inatoka nyumbani, na kama alianza kushindwa masomo kabla au baada ya kutumia. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unaorodhesha dalili 11 za tatizo la matumizi ya kilevi. Dalili 2 au 3 ndani ya miezi 12 ni tatizo dogo, 4 au 5 ni la kati, 6 na kuendelea ni zito. Kijana aliyejaribu mara mbili na hana dalili hata moja hahitaji kituo cha matibabu. Anahitaji mazungumzo mafupi na mtu anayejua kuuliza bila kuhubiri, yale yanayomsaidia apime mwenyewe anachopata na anachopoteza. Kumpeleka kijana huyo kwenye kikundi cha wenye uraibu mkubwa kunaweza kumfundisha mambo ambayo hakuyajua, na kumkutanisha na watu wa kumuuzia.

Upande wa pili, aliye na uraibu hawezi kuamriwa aache. Nikotini hupungua kwa nusu katika damu ndani ya takriban saa 2, kwa hiyo mwanafunzi anayetumia sigara ya kielektroniki kuanzia alfajiri huanza kuhangaika kabla ya mapumziko ya asubuhi. Mwalimu anaona utovu wa nidhamu na safari za chooni. Kinachomsukuma ni arosto. Kumsimamisha mara tatu kwa kosa lilelile bila kumfikisha kwa daktari anayeweza kujadili dawa mbadala za nikotini ni kuipiga ngumi kemia. Kwa anayekunywa pombe nyingi kila siku, au anayetumia vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, amri ya "acha kuanzia leo" inaweza kuleta degedege na hata kifo. Shule isitoe amri ya namna hiyo, wala isimfanye mzazi aahidi hivyo kwa maandishi. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari.

Sasa usiri, ambao ndio moyo wa jambo lote. Fomu ya kurudi shuleni kutoka kwa mshauri iwe na mistari mitatu tu: mwanafunzi amehudhuria, amemaliza vikao alivyopangiwa au bado anaendelea, shule inaombwa kurekebisha mambo haya (kwa mfano ruhusa ya kwenda kliniki Jumatano, au kubadilishiwa benchi). Aina ya dawa, kiasi, ugonjwa na habari za nyumbani visiandikwe. Kuna mipaka ambayo mshauri huitaja mwanzoni: hatari ya kifo, na mtoto kudhulumiwa na mtu mzima. Nje ya hapo, mwalimu mkuu akiomba taarifa zaidi "kwa manufaa ya mtoto", jibu liwe hapana ya heshima. Nchini Marekani kanuni za shirikisho huzuia vituo vya matibabu ya uraibu kutoa taarifa za mgonjwa bila idhini yake ya maandishi, isipokuwa katika mazingira machache, na ziliwekwa kwa sababu watu walikuwa wakikwepa matibabu kwa hofu hiyohiyo. Shule isiyokuwa na sheria ya namna hiyo inaweza kujiwekea kanuni yake, ikapitishwa na bodi na kusomwa kwa wazazi mwanzoni mwa mwaka.

Baada ya kuitenga tathmini, nidhamu inabaki na kazi nyepesi na ya wazi zaidi. Adhabu iandikwe mapema, itofautishe aliyetumia, aliyegawana na rafiki, na aliyeuza kwa faida. Makosa haya matatu mara nyingi hutupwa kapu moja, na aliyempa mwenzake kidonge kimoja anaitwa muuzaji. Kabla ya kusimamishwa, mwanafunzi aelezwe tuhuma, aonyeshwe ushahidi, apewe nafasi ya kutoa maelezo yake. Hayo ndiyo kima cha chini ambacho Mahakama ya Juu ya Marekani iliyataka shule za umma ziyafuate mwaka 1975, katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, hata kwa kusimamishwa kusikozidi siku 10. Kikao cha aina hiyo huchukua dakika kumi na tano, na huokoa shule kutokana na kumwadhibu aliyebebeshwa begi la mwenzake.

Kusimamishwa masomo kwenyewe kutumike kwa uchache. Mtoto aliyefungiwa nje siku 10 anakaa bila uangalizi saa zilezile ambazo wazazi wako kazini, akiwa na wenzake walioacha shule, na anarudi akiwa nyuma kwa somo la kila siku. Kukosa masomo na kulegea kwa uhusiano na shule ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya kutumia dawa, kwa hiyo dawa ya shule inakoleza ugonjwa. Sera ya kutovumilia hata kidogo ilipata nguvu Marekani miaka ya 1990; sheria ya mwaka 1994 ilihusu bunduki shuleni, lakini wilaya nyingi zikaitanua hadi dawa za kulevya. Kikosi kazi cha chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo, APA, kilipitia ushahidi na mwaka 2008 kikasema hakukuwa na uthibitisho kwamba sera hiyo iliboresha nidhamu au usalama. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaweka mambo mawili ambayo shule hujifanya hayaendi pamoja: kifungu cha 33 kinataka mtoto alindwe dhidi ya dawa za kulevya, na kifungu cha 28 kinataka nidhamu ya shule ilinde utu wake na watoto wanaoacha shule wapungue. Kumsimamisha mtoto mstarini mbele ya shule nzima na kutaja kosa lake kunavunja cha pili bila kutimiza cha kwanza, na wanafunzi wengine wote wenye tatizo kama lake wanapata ujumbe wa kujificha zaidi.

Badala ya siku 10 nje, shule inaweza kutoa siku 2 au 3 ndani: chumba tofauti, kazi za darasa zilezile, mwalimu anayesimamia, simu ikiwa ofisini, na saa moja kwa siku ya mazungumzo na mwalimu wa malezi. Kwa anayeuza, hasa akiuza kwa watoto wadogo, kumtenga na wenzake kwa muda mrefu ni haki, lakini masomo yaendelee mahali pengine. Mwanafunzi mwenye ulemavu wa kujifunza achunguzwe kwanza kama tabia ile ilitokana na ulemavu wake. Sheria ya elimu maalumu ya Marekani inataka uamuzi huo ndani ya siku 10 za masomo, na inaruhusu kumhamishia kwenye mazingira mengine kwa siku zisizozidi 45 za masomo kwa kosa la dawa.

Sehemu inayosahaulika ni siku ya kurudi. Mtoto anaachwa aingie darasani saa mbili asubuhi, macho arobaini yakimtazama, na mwalimu wa somo hajui hata kama ameruhusiwa kuwepo. Kikao cha dakika 20 kabla ya kengele kinatosha: mwanafunzi, mzazi au mlezi, mwalimu wa malezi. Apewe orodha ya kazi alizokosa na tarehe za kuzimaliza, zilizogawanywa kwa wiki mbili. Atajiwe mtu mzima mmoja, kwa jina, ambaye anaweza kumwendea muda wowote bila kueleza sababu. Mwalimu wa malezi amfuate baada ya wiki 2, 6 na 12, kwa maswali mafupi, bila kipimo cha mkojo. Akianguka tena katika kipindi hicho na akasema mwenyewe, asiadhibiwe kama aliyekamatwa. Bila tofauti hiyo hakuna atakayesema.

Mwisho wa kila muhula shule ihesabu mambo manne na kuyapeleka kwenye bodi bila majina: wangapi walipelekwa kwa mshauri, wangapi walifika kweli, siku ngapi zilipita kati ya tukio na kikao cha kwanza, na wangapi bado wako darasani miezi sita baadaye. Idadi ya waliosimamishwa iwekwe kando ya hizo, ikigawanywa kwa jinsia, kidato na ulemavu, ili ionekane kama kundi moja linaadhibiwa zaidi kwa kosa lilelile. Rekodi ya nidhamu ya kosa la kwanza la kutumia ifutwe mwanafunzi akimaliza mwaka bila kosa jingine, na isiingizwe kwenye barua ya kuhama. Faili ya mshauri ibaki kwenye kabati yake, na funguo za kabati hiyo zisiwepo kwenye ofisi ya mwalimu mkuu.